Chakula cha mchana bila malipo Ilemela: stoo iko vizuri, sahani bado

Huduma ninayoitathmini hapa ni chakula cha mchana kinachotolewa bila malipo katika shule moja ya msingi ya serikali wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, upande wa ziwani, kwa ufadhili wa shirika moja lisilo la kiserikali. Majina ya shule na shirika nayaacha kwa makusudi, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinarekebishika, na sioni faida ya kumwaibisha mtu kwa jambo ambalo shule nyingi za Kanda ya Ziwa hazijalifikia hata nusu. Mimi ni mzazi mwenye watoto shuleni hapo, na mkutano wa wazazi ulinichagua niwe miongoni mwa wanaoangalia vitabu vya chakula. Kwa hiyo sitaeleza sana kama maharage yameiva au chumvi imezidi. Nitaeleza jinsi chakula hicho kinavyofuatiliwa, kuanzia gunia linaposhushwa kwenye gari hadi mtoto anapoosha sahani yake. Niseme mapema kwamba stoo inasimamiwa vizuri kuliko nilivyotarajia, lakini ufuatiliaji unaishia mlangoni mwa jiko, na kuanzia hapo mambo huendeshwa kwa kuaminiana.

Tangu Januari 2016 serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, shule ya msingi hupokea ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na fedha hiyo haikukusudiwa kulisha watoto wa shule za kutwa. Chakula kimebaki kuwa makubaliano ya wazazi na kamati ya shule. Kwa hiyo katika shule nyingi za Mwanza utaratibu ni uleule: kila mzazi alete kiasi fulani cha mahindi na maharage, pamoja na fedha kidogo ya mpishi na kuni, na mtoto wa asiyeleta hukaa pembeni wenzake wanapokula. Hapa mfadhili ananunua mahindi, maharage, mafuta na chumvi, na wazazi wamebaki na posho ya wapishi, kuni na kitoweo. Mzazi bado anachanga kidogo, lakini hakuna mtoto anayeondolewa kwenye mstari kwa sababu kwao hawajachanga, na kwa hilo pekee huduma hii inastahili heshima.

Sasa twende stoo, maana huko ndiko kazi nzuri ilikofanyika. Mlango una kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mwalimu anayesimamia chakula na mwingine kwa mjumbe wa kamati ya shule, hivyo hakuna anayeweza kuingia peke yake. Kabla ya kitu chochote kupimwa, walimu wa madarasa huleta idadi ya watoto waliohudhuria siku hiyo, si idadi ya walioandikishwa. Anayepikia walioandikishwa katika msimu wa kupanda, au siku ya mvua kubwa ambapo watoto wa ng'ambo ya korongo hawavuki, anatoa unga wa watoto ambao hawapo, na unga ukishatoka hauna njia ya kurudi stoo. Mzani ni wa kuning'iniza na una stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mpishi mkuu huita namba kwa sauti, mwalimu wa zamu huiandika kwenye leja, na kiranja wa darasa la sita huiandika namba hiyohiyo kwa chaki kwenye ubao uliotundikwa nje, ukitazama njia ya watu.

Ubao huo ndio kitu bora kuliko vyote nilivyoviona katika mpango huu. Una namba tatu tu: waliohudhuria, kilo zilizotoka na salio lililobaki. Mama anayepita na ndoo ya maji anaweza kuusoma, dereva wa bodaboda anaweza kuusoma, na watoto wenyewe huusoma wakati wa mapumziko kama wanavyosoma matokeo ya mtihani. Asubuhi moja nilimsikia mpishi akisema, "Samahani mwalimu, hiyo uliyoandika siyo niliyoita." Mwalimu akatazama leja, akatazama ubao, akakuta kiranja ndiye aliyesikia sawasawa, akakata namba yake kwa mstari mmoja, akaandika mpya pembeni na kutia sahihi bila kununa. Nimewahi kuona ofisi kubwa zenye kompyuta ambazo mtu wa cheo cha chini hawezi kusahihisha namba ya mkubwa wake kwa utulivu kiasi hicho.

Namba hizo zina maana kwa sababu kuna kipimo cha kuzilinganisha nacho. Kipimo cha mfadhili kiko karibu na kile ambacho Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limekuwa likikitumia mashuleni, yaani takribani gramu 120 hadi 150 za nafaka kavu, gramu 30 hadi 40 za mikunde na gramu 5 hadi 10 za mafuta kwa mtoto kwa mlo mmoja. India, yenye mpango mkubwa kuliko yote duniani wa aina hii, imeweka kwa watoto wa madarasa ya chini ya msingi gramu 100 za nafaka na mlo wenye kalori 450 na gramu 12 za protini. Kipimo kikijulikana, mzazi yeyote aliyefika darasa la saba anaweza kukagua. Tuseme wamehudhuria watoto 600 na kila mmoja ni wa gramu 150 za unga: zinatakiwa zitoke kilo 90. Mafuta, kwa gramu 5 kila mtoto, ni kilo 3, ambazo ni lita tatu na robo hivi, kwa hiyo dumu la lita 20 linapaswa kutumika siku sita. Likiisha siku ya nne, kuna mafuta yaliyokwenda kwingine. Likidumu siku kumi, watoto wanakula maharage ya maji.

Hili la dumu kudumu siku kumi halishughulikiwi ipasavyo, na ni kasoro ya kwanza ninayoiandika kwa wino mzito. Wakaguzi hutafuta upungufu. Ziada huwa wanaisifu. Katika ripoti ya muhula niliyoonyeshwa, mwishoni mwa muhula mafuta yalibaki mengi kuliko hesabu ilivyotaka, na maoni yaliyoandikwa mbele yake yalikuwa ya pongezi kwa matumizi mazuri. Mafuta yale yalikuwa ya watoto waliokuwa wanakula kila siku, na kubaki kwake stoo ni ushahidi kwamba hawakuyala. Mpango wa kulisha watoto haupaswi kupimwa kwa kubana matumizi kama ofisi inayobana karatasi.

Kasoro ya pili iko mashineni, na leja haiigusi kabisa. Mahindi hutoka stoo yakiwa mahindi, hupelekwa kukobolewa na kusagwa, kisha hurudi yakiwa sembe. Katika kukoboa, gunia la kilo 100 hutoa sembe ya kilo 70 hadi 80 hivi, kutegemea aina ya mbegu, ukavu wa punje na mashine yenyewe. Kinachobaki ni pumba. Kwa shule ya mfano wetu, ili upate kilo 90 za sembe unahitaji kama kilo 120 za mahindi, na hivyo kila siku kuna kilo 30 za pumba, ambazo kwa siku 20 za masomo ni kilo 600. Wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa waliotapakaa Ilemela nzima hununua pumba kwa gunia, na kiangazi kikikolea bei yake si ya mchezo. Nilipouliza ukurasa wa pumba uko wapi, niliambiwa kwamba pumba hubaki mashineni kama sehemu ya malipo ya kusaga. Huenda ni mapatano ya haki, lakini hayakuandikwa popote, na hakuna aliyewahi kukaa chini akalinganisha thamani ya pumba na bei ya kusaga inayotozwa kwa wateja wa kawaida. Simtuhumu mtu kwa wizi. Ninachosema ni kwamba robo ya mahindi yanayonunuliwa kwa fedha ya msaada inatoka nje ya hesabu kila wiki, na fomu ya ufuatiliaji, yenye kurasa nyingi, haina hata mstari mmoja wa kuiulizia.

Dawa rahisi ingekuwa kusaga dona, kwani karibu punje yote hurudi na watoto hupata kiini na ganda ambavyo vina virutubisho zaidi. Kuna vikwazo viwili. Kwanza, baadhi ya wazazi huona dona ni ugali wa bweni, na mtoto aliyezoea sembe nyumbani hubakiza. Kikwazo cha pili ni kikubwa zaidi: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu ambazo kukoboa huziondoa, hivyo anayetaka kulisha dona lazima awe na uhakika na mahindi yake kuliko anayelisha sembe. Watanzania hatuhitaji kufundishwa habari hii kutoka mbali. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengi wa waliougua walikuwa watoto. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo ya mahindi, na unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5.

Je, shule inapima? Sumukuvu haipimi, na sitarajii shule ya msingi kuwa na kifaa hicho. Kazi hiyo ni ya mfadhili anaponunua. Unyevu wanaupima kwa njia ya wakulima: konzi ya mahindi na chumvi kavu hutiwa kwenye chupa kavu, hutikiswa, na chumvi ikishikamana na chupa mzigo hukataliwa. Njia hii haitoi asilimia, ila inatosha kuzuia mahindi mabichi yasiingie stoo, na nilifurahi kukuta mpishi anaieleza vizuri kuliko afisa aliyefuatana na gari. Magunia hukaa juu ya vichaga, mbali na ukuta, jambo la lazima katika hewa ya ziwani wakati wa masika. Kinachoudhi ni upokeaji: yanapimwa magunia machache yaliyochaguliwa, mengine yanahesabiwa kwa macho tu. Katika nchi ambayo lumbesa na gunia pungufu vinauzwa soko moja, kuhesabu magunia hakujatoa jibu lolote kuhusu kilo.

Madumu ya mafuta yanahitaji kusemwa peke yake. Tarehe 16 Julai 2013, katika kijiji kimoja cha jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yaliyokuwa na kiuatilifu cha monokrotofosi. Sisi tuko Usukumani, nchi ya pamba, ambako viuatilifu vinanunuliwa kila msimu na madumu yake matupu huonekana majumbani yakibebea maji. Kwa hiyo sharti la kwamba mafuta yaletwe katika madumu mapya yenye lakiri ya kiwandani, na yasihamishiwe chombo kingine, nalihesabu kuwa la lazima, na shule hii inalifuata. Inafuata pia utaratibu wa mwalimu wa zamu kuonja chakula kabla hakijagawiwa. Hata hivyo daftari la kuonja lilikuwa na sahihi za siku zijazo, jambo ambalo nililionyesha palepale na halikuleta ubishi wowote, kwa kuwa hapakuwa na la kubishia. Bakuli dogo la chakula cha siku likihifadhiwa hadi kesho yake, ili kama watoto wakiugua kuwe na cha kupeleka maabara, lingesaidia kuliko sahihi kumi, na halina gharama.

Kuanzia hapa tunaingia jikoni, na jikoni hakuna mzani wala ubao. Ugali hupakuliwa kwa upawa, na wapishi wana pawa mbili za ukubwa tofauti, kila mmoja na wake. Anayepanga mstari wa kulia anapata tofauti na anayepanga wa kushoto, na watoto wameshalijua hilo. Ndiyo maana mstari wa kulia huwa mrefu. Darasa la kwanza na la pili hula kwanza, utaratibu mzuri, lakini darasa la saba, ambao hubaki darasani wakimalizia mazoezi ya mtihani wa taifa, hufika sufuria ikiwa imebaki ukoko na mchuzi wa chini. Leja ya siku hiyo itaonyesha kilo sahihi, ubao utaonyesha idadi sahihi, na mvulana wa miaka kumi na minne atakuwa amekula robo ya alichoandikiwa. Ufuatiliaji ambao haufiki hapa unafuatilia magunia. Upawa mmoja wa kipimo kimoja, uliotiwa alama na kukubaliwa na wote, pamoja na mtu wa kuhesabu sahani badala ya kuhesabu majina, vingefunga pengo hilo kwa gharama isiyofikia bei ya kuku.

Sahani nazo zina mambo yake. Mtoto anatakiwa kuja na ya kwake kutoka nyumbani, na asiyekuwa nayo husubiri mwenzake amalize. Nilimwona msichana mdogo akimsimamia dada yake kwa macho, akihesabu matonge, kisha akapokea sahani ikiwa haijaoshwa na kukimbilia mstari uliokuwa umebaki watu watatu. Hakulala njaa, lakini alikula amesimama, haraka, kengele ikigongwa. Fomu ya mfadhili ina swali linalouliza kama watoto wote wamekula, na jibu la siku hiyo lilikuwa ndiyo.

Kitoweo ndicho kinachonisikitisha zaidi, kwa sababu tunaishi kando ya ziwa. Ratiba iliyobandikwa ukutani inataja dagaa siku mbili kwa wiki. Katika kuangalia daftari la manunuzi, nilikuta kuna wiki ambazo hawakununuliwa kabisa, na maelezo yaliyoandikwa ni "bei imepanda". Ni kweli imepanda, lakini kila anayeishi Mwanza anajua hupanda lini. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta; mbalamwezi ikiwa kubwa taa hizo hazifui dafu, mitumbwi mingi hupumzika, na bei ya soko la Mwaloni Kirumba huitikia ndani ya siku chache. Ratiba inayopangwa kwa Jumanne na Alhamisi mwaka mzima imepangwa na mtu asiyetazama angani. Dagaa waliokaushwa vizuri hukaa, kwa hiyo inatosha kununua wa kutosha giza linapokuwapo na kuwahifadhi kwa siku za mbalamwezi. Tena wanunuliwe waliokaushwa juu ya vichanja, hata kama bei yao iko juu kidogo, kwani waliokaushwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga wao, na kilo moja unayolipia si kilo moja ya samaki. Mpishi aliniambia, "Baba, hawa ukiwaosha mara tatu bado vinasaga meno," na nilipoonja sikuwa na la kuongeza. Mboga za majani zinatoka bustani ya shule wakati wa mvua na kutoweka kiangazi, ingawa maji ya ziwa yanaonekana kwa macho kutoka darasa la nne.

Kuhusu wafuatiliaji wenyewe: mfadhili hutuma afisa wake kila muhula, na ziara hutangazwa mapema. Siku hiyo sahani zinatosha, darasa la saba linakula mapema, na dagaa wanapatikana hata kama mwezi ni mpevu. Kati ya ziara moja na nyingine, mwalimu hutuma picha ya sufuria kwa WhatsApp. Picha ya sufuria iliyojaa haielezi iligawiwa kwa nani. Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Baadhi ya majimbo ya India yana mfumo wa simu unaompigia mwalimu kila siku na kumuuliza idadi ya watoto waliokula, na jibu huingia kwenye kumbukumbu moja kwa moja. Nairobi, shirika la Food4Education huwapa watoto bangili za kugusisha kwenye kifaa wanapopokea chakula, na katika mpango wa Dishi na County ulioanza mwaka 2023 mzazi huchangia shilingi 5 za Kenya kwa mlo. Bangili ina faida kwamba inahesabu mtoto aliye mbele ya sahani, kitu ambacho leja yetu haiwezi. Lakini siwapigii debe wanaotaka tuiige kesho. Bangili itasema mtoto amepokea. Haitasema amepokea kiasi gani, wala kwamba dagaa walikuwa na mchanga. Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika, ubao na chaki, vikisogezwa kutoka stoo hadi jikoni, vitatangulia.

Jambo ambalo lingebadilisha mengi ni mamlaka. Brazili, ambako sheria ya mwaka 2009 ilipotungwa ilitaka angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya wakulima wadogo, kuna mabaraza ya chakula cha shule yenye wazazi, walimu na wawakilishi wa asasi za kiraia ndani yake, na mabaraza hayo hupitia hesabu na kutoa maoni rasmi ya kuzikubali au kuzikataa. Sisi tuliochaguliwa kuangalia vitabu tunaruhusiwa kuangalia. Hakuna mahali pa kuandika kwamba tumekataa. Nilipotaka hoja yangu ya pumba iingie kwenye ripoti inayokwenda kwa mfadhili, nilielezwa kwa upole kwamba ripoti ina muundo wake. Afisa elimu kata alikuwapo, alisikia, na kwa haki yake niseme kwamba yeye ndiye aliyependekeza hoja hiyo isomwe kwenye mkutano wa wazazi.

Kuni nitazigusa kwa ufupi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilielekezwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Hapa bado moshi unafuka, ingawa majiko ya zamani ya mafiga matatu yameondolewa na kuwekwa majiko banifu. Wapishi huloweka maharage tangu jioni, na kuni zinazookolewa kwa kuloweka ni nyingi. Posho yao huchelewa, na mpishi anayedai miezi ni hatari kwa stoo yoyote, hata yenye kufuli mbili.

Kuna manufaa moja ambayo ripoti za mpango huu hazijihesabii. Kichocho ni ugonjwa wa kwetu huku ziwani, na siku ya kugawa dawa ya prazikwantelo mashuleni mtoto anatakiwa awe amekula, vinginevyo dawa humletea kizunguzungu na kutapika, na mwaka unaofuata mama yake humficha nyumbani. Katika shule yenye chakula cha uhakika kazi hiyo ilimalizika kwa amani. Walimu waligawa dawa baada ya mlo wakitumia orodha ileile ya mahudhurio ya asubuhi.

Kwa kipimo cha nyota tano, stoo naipa nne, upokeaji wa mzigo mbili na nusu, ugawaji jikoni mbili, na kitoweo moja. Mfadhili anayetafuta shule ya kuanzia mpango kama huu, au kamati ya shule nyingine ya Ilemela, Magu au Ukerewe inayotaka kuiga, ije ione ubao na kufuli mbili, kisha ibaki hadi watoto wa darasa la saba wafike kwenye sufuria. Mzazi anayetaka kuona leja anaruhusiwa siku yoyote ya masomo. Aripoti kwa mwalimu mkuu, kisha awahi stoo kabla ya saa mbili na nusu asubuhi wakati wa kupima. Hoja ya pumba imepangwa kuwa ya tatu katika ajenda ya mkutano ujao wa wazazi, baada ya madawati na choo cha wasichana, na mwenye mashine amealikwa.